Kinyozi Anayejinyoa

Haya ndugu msomaji, leo siasa naiweka pembeni. Najua wengi mnapita hapa kutafuta nani kahama chama na nani kapewa uwaziri. Hayo hayaishi, tutayakuta kesho. Leo nataka kuzungumzia sherehe ambayo mhariri wangu hawezi kuipa hata robo safu ya gazeti, kwa sababu haina mgeni rasmi, haina utepe wa kukatwa, wala haina bahasha ya nauli kwa waandishi.

Sherehe yenyewe ni ya watu wanaopokea toleo jipya la kompaila. Naam, kompaila! Likitoka, Mjerumani anashukuru, Mbrazili anapongeza, Mrusi anauliza kama hitilafu aliyoiripoti mwaka juzi imerekebishwa, na Mholanzi anajisifu kwamba programu aliyoiandika miaka ishirini iliyopita ameipitisha humo ikakubali bila kugusa mstari hata mmoja. Halafu anatokea mmoja, hakosekani, anayeuliza: na toleo linalofuata linatoka lini? Kama umewahi kuwa kijijini siku ya kumpokea mtoto wa kwao aliyemaliza chuo, hali hiyo unaijua. Hata yule mjomba wa kuuliza "na harusi je?" yupo.

Swali langu ni hili. Watu wazima hawa wanashangilia nini? Na sisi huku Dar, Mwanza, Nairobi na Mombasa inatuhusu nini? Mimi nasema inatuhusu, tena kuliko uzinduzi wa simu mpya ambao tunaujazia kurasa nzima za biashara. Naomba univumilie nieleze.

Kompyuta haijui Kiingereza wala Kiswahili. Inajua sifuri na moja, basi. Mwanadamu anayetaka kuiagiza kazi huandika maagizo kwa lugha ya katikati, yenye maneno yanayosomeka na kanuni zisizo na msamaha. Kompaila ndiyo inayoyachukua maandishi hayo na kuyageuza kuwa maagizo ambayo kompyuta inayaelewa. Sisi Waswahili tuna bahati kwamba tunatofautisha mkalimani na mfasiri. Mkalimani anasimama pembeni ya mzungumzaji na kugeuza sentensi moja moja, na akiondoka mazungumzo yamekwisha. Mfasiri anachukua kitabu kizima, anakaa nacho, kisha anakukabidhi kitabu kingine kilichokamilika. Hata akisafiri, wewe unaendelea kusoma. Kompaila ni mfasiri. Ukishamalizana naye, programu yako inasimama kwa miguu yake.

Kazi hii ilianza zamani. Mwaka 1952 Grace Hopper wa Marekani alikuwa tayari ana mfumo wake ulioitwa A-0, na mwaka 1957 IBM ikatoa kompaila ya lugha ya Fortran iliyotengenezwa na timu ya John Backus. Leo hii programu ya benki, ya hospitali, ya simu yako ya mkononi, ukifukua chini yake utakuta kompaila mahali fulani. Hata zile lugha zinazotumia mkalimani, mkalimani mwenyewe kwa kawaida naye amepitia kwa mfasiri. Kwa hiyo mwenye kompaila ndiye mwenye ufunguo wa karakana. Wengine wote ni wateja wa mlangoni.

Kompaila ni nyingi, lakini nitachukua moja tu, Free Pascal, kwa sababu kisa chake kinaeleweka hata kwa mtu ambaye hajawahi kuandika programu.

Lugha ya Pascal ilitoka mwaka 1970 kwa Niklaus Wirth, profesa wa Uswisi aliyefundisha kule Zürich, ambaye alifariki tarehe 1 Januari 2024 akiwa na miaka 89. Aliipa jina la Blaise Pascal, yule mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17 aliyetengeneza mashine ya kujumlisha. Wirth alitaka lugha safi ya kufundishia vijana. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ikaleta Turbo Pascal, kompaila iliyoandikwa na kijana wa Denmark, Anders Hejlsberg. Iliuzwa dola 49.95 wakati ambapo kompaila nyingine zilikuwa zinauzwa kwa mamia ya dola. Wanafunzi, mafundi wa kujitegemea na wenye biashara ndogo wakaivamia kama kumbikumbi wanavyovamia taa.

Raha haikudumu. Toleo la 7 lilitoka mwaka 1992, kisha Borland ikaelekeza nguvu zake kwenye Windows, na mwaka 1995 ikaleta Delphi. Wa DOS wakaachwa kwenye mataa. Mwaka 1996 Hejlsberg mwenyewe akahamia Microsoft. Sisemi Borland ilivunja sheria. Kampuni ina haki ya kufuata pesa inakokwenda. Lakini tazama kilichowapata walioachwa.

Ndani ya Turbo Pascal kulikuwa na kipande kidogo kinachopima mwendo wa kompyuta pale programu inapoanza. Kilitungwa enzi za kompyuta za kujikokota. Zilipokuja kompyuta za kasi, za megahezi 200 hivi na kuendelea, hesabu ile ikawa inatoa jibu kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, na programu ikafa palepale kwa kosa namba 200, kabla mtumiaji hajagusa kitufe chochote. Hebu fikiria! Programu yako ya mishahara imefanya kazi miaka mitano bila kukohoa, umenunua kompyuta bora zaidi, na kwa sababu kompyuta ni bora, programu imekufa. Ikabidi watumiaji wenyewe watengeneze viraka na kupeana. Msimbo ulikuwa wa kampuni, na kampuni ilishageuza uso.

Sasa rudi nyuma kidogo, mwaka 1993. Mwanafunzi mmoja wa Ujerumani, Florian Klämpfl, alipoona upande wa DOS hauna mwendelezo, hakuandika barua ya malalamiko. Akaanza kuandika kompaila yake mwenyewe. Kwa kuwa hakuwa na zana nyingine, aliiandika kwa Turbo Pascal ileile iliyokuwa inaachwa. Baada ya miaka kama miwili ilifika hatua ambayo kwa mtu asiye wa fani inaonekana kama mazingaombwe: kompaila ile ikaweza kujitafsiri yenyewe. Turbo Pascal haikuhitajika tena.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu anajinyoa. Hadi leo Free Pascal imeandikwa kwa Pascal, na toleo jipya linajengwa kwa kutumia toleo lililotangulia. Utaratibu wake naupenda sana. Kompaila ya zamani inatafsiri msimbo mpya, inazaliwa kompaila ya kwanza. Hiyo ya kwanza inatafsiri msimbo uleule, inazaliwa ya pili. Ya pili nayo inatafsiri, inazaliwa ya tatu. Kisha ya pili na ya tatu zinalinganishwa, na zisipofanana sawasawa mtu anajua kuna jambo halijakaa vizuri. Laiti tume zetu za uchunguzi zingekuwa na kipimo cha namna hiyo!

Toleo 1.0 likatoka Julai 2000, miaka saba tangu kuanza. Wenyewe waliona sehemu inayozalisha maagizo ya kompyuta ilijengwa kwa namna itakayowabana mbele ya safari, wakaibomoa na kuijenga upya. Toleo 2.0 likatoka Mei 2005. Toleo 3.0 likatoka Novemba 2015, likiwa na njia ya kutengeneza programu za Android, na hapohapo likaongeza hata DOS ya zamani ya biti 16, kana kwamba wanasema hatumwachi mtu nyuma. Toleo 3.2.0 likafika Juni 2020, na 3.2.2 Mei 2021 likiwa na uwezo wa kuhudumia kompyuta mpya za Apple zenye chipu zao wenyewe. Kazi hii kubwa imebebwa na watu wa kujitolea. Michaël Van Canneyt wa Ubelgiji, kwa mfano, ameandika vitabu vya mwongozo. Jonas Maebe, naye wa Ubelgiji, amebeba sana upande wa kompyuta za Apple. Ni watu wenye kazi na familia zao, wanaokaa usiku kutafuta kwa nini namba fulani inatoka vibaya kwenye chipu ambayo pengine hata hawaimiliki.

Halafu yupo ndugu yake, Lazarus, karakana kamili yenye vitufe na madirisha, inayokaa juu ya Free Pascal kama Delphi ilivyokaa juu ya kompaila ya Borland. Kabla yake watu walijaribu mradi mwingine ulioitwa Megido, ukafa. Mwaka 1999 wachache wakauchukua mzigo upya, wakauita Lazarus, kwa maana ya yule Lazaro aliyefufuliwa kaburini. Toleo 1.0 la Lazarus lilitoka Agosti 2012. Hesabu mwenyewe: miaka kumi na tatu! Lazaro wa Bethania alikaa kaburini siku nne tu.

Sasa unaona watu wanashangilia nini. Wanafurahia vionjo vipya, ndiyo, lakini vionjo ni sehemu ndogo. Wanashangilia kwamba kitu ambacho maisha yao ya kazi yamesimama juu yake kimepumua tena, na kwamba hakuna mkurugenzi wa fedha popote duniani anayeweza kuitisha kikao asubuhi na kukizima. Msimbo chanzo uko wazi. Leseni yake inasema chukua, soma, badilisha, gawa. Maktaba zake zina ruhusa ya ziada, kwamba programu utakayoitengeneza unaweza kuiuza bila kulazimika kutoa msimbo wako. Mafundi wa Free Pascal wote wakistaafu leo, kesho mwingine anaweza kuanzia walipoishia.

Na hilo si nadharia. Kompaila ya GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa mara ya kwanza mwaka 1987, ilifika mahali ikawa inaendelezwa polepole kiasi cha kuwakera waliokuwa wakiitegemea. Mwaka 1997 baadhi yao wakachukua msimbo, wakaanzisha tawi lao lililoitwa EGCS. Tawi likastawi kuliko shina, na mwaka 1999 likakubaliwa kuwa ndiyo GCC yenyewe. Hakuna aliyepelekwa mahakamani. Jaribu kufanya hivyo na programu ya kampuni uone wanasheria wanavyoamka mapema.

Linganisha na upande wa pili. Mwaka 2001 Borland ilitoa Kylix, Delphi ya Linux. Watu wakaipokea kwa vifijo, wakajenga juu yake. Toleo la tatu lilitoka 2002, na hapo ndipo ukawa mwisho. Visual Basic 6 ya Microsoft ilitoka mwaka 1998 na dunia nzima ikaitumia, hadi Aprili 2008 zana yake ya kuandikia ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa. Delphi yenyewe ipo, si maiti. Kitengo chake kiliuzwa kwa Embarcadero mwaka 2008. Mwaka 2018 walitoa toleo la bure kwa ajili ya jamii, nawapongeza, lakini lilikuja na masharti: ukishaingiza mapato ya zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka, ulipie. Ni haki yao kabisa. Ila bure yenye dari ni kama kivuli cha nyumba ya jirani. Jua likisogea unahama na mkeka wako.

Mimi hili limenigusa. Nilipomaliza chuo nilifanya kibarua katika ofisi moja ndogo ya habari, jina naliacha. Matangazo madogo madogo, yale ya kiwanja kinauzwa na mbwa kapotea, yaliingizwa kwenye programu iliyoandikwa na kijana mmoja hodari sana kwa zana ya kampuni ya nje iliyokuwa imeshaachwa. Kijana akapata kazi ughaibuni. Kompyuta ile ikafa, na mpya haikuikubali programu. Msimbo chanzo hakuna aliyekuwa nao, zana ya kuutafsiri hata ungekuwepo haikuwepo. Tukarudi kwenye kauntabuku na kalamu. Dada wa mapokezi, Mungu ambariki, aliandika matangazo kwa mkono miezi miwili, na jioni mimi nayachapa upya. Wateja wengine tuliwapoteza. Hakuna aliyetuibia kitu. Tulikuwa tumejenga kwenye kiwanja cha watu, basi.

Ukizunguka utawakuta wengi wa namna yetu. Duka la dawa lenye kompyuta ya zamani ambayo hairuhusiwi kuzimwa kwa sababu haijulikani kama itawaka. Chama cha kuweka na kukopa chenye programu ambayo fundi wake hapokei simu. Tunazungumza usiku na mchana juu ya uchumi wa kidijitali, lakini zana za kuutengenezea tunapanga, hatumiliki. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hata si ndugu.

Sasa najua pingamizi zinakuja. Nazisikia tokea hapa.

La kwanza: "Wewe mwandishi, Pascal ilishakufa, vijana wajifunze Python na JavaScript wapate kazi." Nakubali nusu. Matangazo ya kazi nayasoma pia, na Pascal haimo. Kijana anayetafuta ajira mwezi ujao sitamdanganya. Lakini tuache kupima uhai wa zana kwa mitindo. Lugha ya C ni ya mwaka 1972, karibu rika moja na Pascal, na hakuna anayeicheka. Programu ya kubana mafaili ya PeaZip imeandikwa kwa Free Pascal na Lazarus. Double Commander vilevile. Total Commander ya biti 64 imetengenezwa kwa Lazarus. Wanaoangalia nyota wana Cartes du Ciel, ni kazi ya hukohuko. Maiti hawa wanafanya kazi sana! Na ieleweke kwamba hoja yangu haisimami juu ya Pascal. Ukipenda C chukua GCC, ukipenda Python nayo iko wazi. Hoja yangu ni nani ameshika ufunguo.

La pili: "Hao watu wako ni wazito, toleo linachukua miaka mitano." Hapa nawapa haki wanaolalamika. Kati ya Novemba 2015 na Juni 2020 ni miaka minne na ushee kusubiri toleo kubwa. Kijana anayesikia kila siku zana nyingine zinatoa toleo kila baada ya miezi michache ataona hawa wamelala. Sehemu ya uzito huo ni busara. Kompaila ikikosea, programu zote zilizopitia kwake zimekosea, kama mzani wa sokoni uliopinda. Lakini sitaki kuupaka uzito wote marashi. Sehemu nyingine ni uchache wa mikono tu, na uchache huo tunausababisha sisi tunaopiga makofi.

Na hapa ndipo nataka kuwakwaza kidogo hao hao wanaosherehekea. Toleo likitoka, pongezi zinamiminika. Lakini kabla ya toleo rasmi huwa kuna matoleo ya majaribio, yanayowekwa hadharani ili watumiaji wayajaribu kwenye programu zao na kusema wapi panavuja. Wakati huo wanaojitokeza ni wachache. Siku ya harusi ukumbi umejaa, siku ya kuosha vyombo unawaona shangazi wawili. Halafu wiki moja baada ya toleo rasmi mtu analalamika kwamba programu yake imevunjika, jambo ambalo lingegundulika mapema kama angejaribu dakika ishirini tu. Pongezi ni nzuri, zinampa moyo mtu anayefanya kazi bila mshahara. Ila taarifa moja ya hitilafu iliyoandikwa vizuri, yenye kipande kifupi cha msimbo kinachoonyesha kosa, ina thamani kuliko pongezi mia. Inampunguzia fundi usiku mmoja wa kukesha.

Pingamizi la tatu ni la wenzangu wa chumba cha habari: "Msomaji wetu hajali kompaila." Msomaji wetu pia hajali kiwango cha riba cha benki kuu mpaka umweleze kwamba ndicho kinachopandisha mkopo wake wa bodaboda. Kazi yetu ni kueleza. Tumezoea kusubiri kampuni ituite hotelini, itupe chai na kijitabu chenye maneno tayari, kisha tunakiita habari. Hawa wa kujitolea hawana hoteli, kwa hiyo hawana habari. Huo si uandishi, ni upigaji chapa.

Basi sisi wa huku tufanyeje? Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika pwani yetu mwaka 2009, kisingizio cha intaneti kilikuwa cha kweli. Tulitegemea setelaiti, ilikuwa ghali, na kupakua kitu kikubwa ilikuwa safari. Leo, pamoja na bando kupanda kila mara, kisingizio hicho kimepungua nguvu. Kompaila hii mmoja akishaipakua, darasa zima linaweza kunakili kwa flashi bila kuvunja sheria ya mtu yeyote. Inaingia kwenye kompyuta ndogo ya mtumba, na ikishaingia haihitaji intaneti kufanya kazi. Kwa shule yenye maabara ya kompyuta kumi za msaada na umeme wa kubahatisha, hiyo si anasa.

Na kuna jambo moja dogo ambalo linanifanya nikose usingizi kwa hamu. Ujumbe ambao Free Pascal humwandikia mtu aliyekosea haujafungiwa ndani ya kompaila. Uko kwenye faili la maandishi matupu, ambalo unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Watu wameshalitafsiri kwa Kijerumani, Kiholanzi, Kifaransa, Kirusi na lugha nyingine. Ukitaka kompaila iseme lugha yako, unaielekeza tu kwenye faili lako. Anayetaka la Kiswahili hahitaji ruhusa ya wizara wala mkataba na kampuni. Anahitaji subira, kamusi na wenzake wawili wa kubishana nao juu ya istilahi.

Hebu mfikirie mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeanza leo. Amesahau nukta-mkato. Kompaila inamkemea kwa Kiingereza ambacho hata mwalimu wake anakisoma kwa shida, na yeye anadhani hana akili ya kompyuta, kumbe hana Kiingereza tu. Ni mambo mawili tofauti kabisa! Sasa mwandikie hivi: "Kosa la sarufi mstari wa 12, palitakiwa nukta-mkato, pamekutwa neno BEGIN." Ataona kosa lake, atarekebisha, atasonga mbele. Ujumbe wa namna hiyo kwenye faili lile ni mia kadhaa na kuendelea, siwezi kukudanganya kwamba ni kazi ya wikiendi moja. Lakini vyuo vyetu vina idara za Kiswahili na idara za kompyuta, mara nyingi kwenye uwanja mmoja, zinazokutana siku ya mahafali tu. Kazi hii ingewakutanisha mapema kidogo.

Nataka siku moja toleo jipya likitoka, kati ya Mjerumani anayeshukuru na Mrusi anayeuliza, awepo na Mtanzania au Mkenya au Mkongomani anayesema: hitilafu ile niliyoiripoti imerekebishwa, asanteni, na tafsiri ya Kiswahili imesasishwa. Mtu huyo hataomba kuingizwa sherehe. Atakuwa mwenyeji.

Nimemaliza. Ukikubaliana nami pakua, jaribu, vunja, ripoti. Usipokubaliana nami njoo tubishane, lakini uje na hoja, usije na kwamba mhariri wangu hataki. Huyo namjua.